AD8232, MAX30003, ADS1292R au ADS1298: bodi ipi ya kupimia umeme wa moyo?

Ukitafuta bodi ya majaribio ya ECG (mchoro wa umeme wa moyo), chipu nne hazikosekani: AD8232 na MAX30003, ambazo sasa zote ni za Analog Devices (ya pili ilitengenezwa na Maxim kabla kampuni hiyo haijanunuliwa mwaka 2021), pamoja na ADS1292R na ADS1298 za Texas Instruments. Wengi huzilinganisha kwa idadi ya biti, wakaamini kwamba yenye biti 24 lazima iwe bora kuliko yenye 18. Kipimo hicho kinapotosha. Bodi ichaguliwe kwa swali unalotaka mawimbi yalijibu. Kuhesabu mapigo ni swali moja. Kujua kama wimbi la P (la vyumba vya juu vya moyo) linaitangulia kila QRS (miiba ya vyumba vya chini) ni la pili. La tatu ni kusoma kupanda au kushuka kwa sehemu ya ST (mstari unaofuata QRS), na hapo bodi ya bei nafuu inaweza kukudanganya huku mchoro wake ukionekana safi kabisa.

Tofauti iko kwenye DC

Juu ya ngozi, QRS ina kimo cha kama milivolti 1 hadi 2, na wimbi la P mara nyingi halifiki hata milivolti 0.25. Lakini elektrodi nayo huzalisha volti yake ya DC (volti tulivu isiyopanda na kushuka kwa mapigo) inapokutana na jeli na ngozi, na saketi ya ECG hutakiwa kuvumilia tofauti ya hadi milivolti 300 kati ya elektrodi mbili. Mzigo wa DC unaweza basi kuwa mkubwa mara mia kadhaa kuliko kile unachokitafuta, kabla hujahesabu ile 50 Hz inayotoka kwenye nyaya za ukutani.

AD8232 huiondoa DC kwa kichujio cha analojia ndani ya saketi. MAX30003 hutumia kapasita ya nje. ADS1292R na ADS1298 huipokea DC pamoja na moyo, zikavigeuza vyote kuwa namba, kisha programu yako ndiyo inayoitoa DC. Hapo ndipo biti 24 zinapopata kazi. Kwa rejeleo la volti 2.42 na ukuzaji wa mara 6, ADS1292R hupokea hadi ±403 mV, na kila hatua ya namba ni nanovolti 48. Biti zile zipo ili DC na wimbi la P vikae pamoja bila kimoja kukimeza kingine. AD8232 imeshaitoa DC mapema, ndiyo maana inaridhika na ADC (kigeuzi cha volti kuwa namba) ya biti 10.

| | AD8232 | MAX30003 | ADS1292R | ADS1298 |
|---|---|---|---|---|
| Chaneli | 1 | 1 | 2 | 8 |
| Matokeo | analojia | biti 18 | biti 24 | biti 24 |
| Namna ya kuitoa DC | kichujio cha analojia | kapasita ya nje | programu | programu |
| Umeme wa chipu | V 2.0–3.5 | V 1.1–2.0 | analojia V 2.7–5.25 | analojia V 2.7–5.25 |
| Mawasiliano | pini ya ADC | SPI (njia ya data kwa waya) | SPI | SPI |
| Kazi inayoiweza | mapigo, mdundo | mapigo kwa betri ndogo | umbo la mawimbi, pumzi | ECG kamili ya vielekezo 12 (pembe 12 za kuuangalia moyo) |

Kabla elektrodi haijagusa mtu

Hakuna hata moja kati ya bodi hizi ambayo ni kifaa cha tiba. Kifaa cha hospitali cha aina ya CF huruhusiwa kumpitishia mgonjwa mkondo usiozidi mikroampea 10 kinapofanya kazi kawaida, na cha aina ya BF mikroampea 100. Chaja ya laptopu isiyo na ubora inaweza kuvuka viwango hivyo bila dalili yoyote utakayoiona. Kwa hiyo endesha bodi kwa betri au pawabenki isiyochajiwa, na laptopu iwe imechomolewa ukutani. Ikikulazimu kuichomeka, weka kitenganishi cha USB katikati, mfano chenye ADuM3160 au ADuM4160, na uhakikishe hata kigeuzi cha umeme kilichomo humo kimetenganishwa, kwa sababu mara nyingi ndicho kinachovumilia volti ndogo kuliko chipu yenyewe. Oksiloskopu ya mezani iliyounganishwa na waya wa ardhi isiguse saketi wakati mtu yuko kwenye elektrodi.

Kila waya wa mwili upitie kipinga. Hesabu yake ni fupi: volti 3.3 ukigawanya kwa mikroampea 10 unapata kilo-omu 330. Ndiyo maana saketi za AD8232 huweka karibu kilo-omu 180 kwenye kila waya wa kupokea (mkondo ukiingia kwa mmoja na kutoka kwa mwingine hupita 360) na 360 kwenye waya wa mguu wa kulia, ule unaorudisha volti mwilini ili kupunguza kelele. Kama bodi yako haina vipinga hivyo, viongeze. Na mtu mwenye pesimeka (kifaa kilichopandikizwa cha kuendesha mapigo) asitumike kwa majaribio haya.

AD8232

Hii ndiyo njia fupi kuliko zote. Bodi ya SparkFun na nakala zake nyingi zina jeki ya 3.5 mm na pini sita: GND, 3.3V, OUTPUT, LO−, LO+ na SDN. Kwenye Arduino Uno, OUTPUT huenda A0, LO+ pini ya 10, LO− pini ya 11, na SDN, ya kuizima chipu, huachwa. Umeme utoke pini ya 3.3V. Chipu hii mwisho wake ni volti 3.5, na ukiipeleka kwenye pini ya 5V unaiua.

Ukuzaji wa jumla ni karibu mara 1100. Milivolti 1 ya moyo hutoka kama volti 1.1, ikizunguka katikati ya umeme, yaani volti 1.65. Kwenye ADC ya biti 10 yenye rejeleo la volti 5 hiyo ni hatua 225 hivi. Ukiunganisha 3.3V na AREF, kisha ukaamuru rejeleo la nje ndani ya programu, unapata hatua 341 kwa waya mmoja tu. Ifanye programu iamuru kwanza kabla ya kusoma pini yoyote, ama sivyo utaunganisha rejeleo la ndani na la nje kwa pamoja.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha udhaifu wake. Kutoka volti 1.65 hadi mwisho wa umeme zimebaki volti 1.65, na ukizigawa kwa 1100 unapata ±1.5 mV. Kijana mwembamba mwenye elektrodi kifuani anaweza kutoa R (kilele cha QRS) ya milivolti 2, na ncha yake itakatwa ikawa bapa. Anayeandika programu hudhani ni kosa la ADC. Tiba ni kusogeza elektrodi kuelekea mabegani, au kubadilisha kipinga cha hatua ya pili ili kupunguza ukuzaji.

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi. Vichujio vya bodi hiyo hupitisha takriban 0.5 hadi 40 Hz. Upande wa juu, kukata kwenye 40 Hz hulainisha QRS, jambo ambalo kwa kuangalia mdundo linavumilika. Upande wa chini, kichujio cha analojia cha 0.5 Hz husogeza awamu ya masafa ya chini, yaani hubadili muda wa mawimbi ya polepole, na sehemu ya ST inaweza kuonekana imeshuka au imepanda ilhali moyo hauna tatizo. Vifaa vya kusoma ST hushuka hadi 0.05 Hz kwa sababu hiyo. Mradi unaosema utagundua shambulio la moyo kwa AD8232 ya masafa haya umeshakosea kabla ya mstari wa kwanza wa programu, na hakuna hesabu ya baadaye itakayorudisha umbo lililopotea.

Kosa la kawaida liko kwenye muda wa sampuli. Mifano mingi ya programu husoma A0, huchapisha kwa kasi ya 9600, kisha husubiri milisekunde 1. Namba yenye tarakimu tatu pamoja na alama za mwisho wa mstari ni baiti 5, na kwa kasi hiyo huchukua zaidi ya milisekunde 5. Unachopata ni sampuli chini ya 200 kwa sekunde, zisizo na nafasi sawa, nawe unadhani unapata 1000. Tumia taima ya milisekunde 4, yaani 250 Hz, na kasi ya 115200.

Angalia LO+ na LO− pia. Pini hizo hupanda juu elektrodi inapong'oka, lakini ugunduzi wake wa DC unahitaji elektrodi tatu. Ukitumia mbili, chipu inabidi iwekwe kwenye hali ya AC, na bodi nyingi za bei ndogo hazina jampa ya kufanya hivyo.

MAX30003

Hii ilibuniwa kwa kifaa cha kuvaa. Hutumia takriban mikrowati 85 kwenye volti 1.1, huweza kufanya kazi kwa elektrodi mbili, na hugundua vilele vya R yenyewe. Rejista (nafasi ya kumbukumbu ndani ya chipu) ya 0x25 hukupa muda kati ya R mbili kwa hatua za karibu milisekunde 8, kwa hiyo maikrokontrola inaweza kulala hadi pigo lifike. Kwa kazi ya kuhesabu mapigo kwa betri ndogo ya duara, hakuna katika hizi nne inayoikaribia. Kwa utafiti wa kubadilikabadilika kwa mapigo, hatua ya milisekunde 8 ni pana mno. Hapo soma mawimbi yenyewe kwa sampuli 512 kwa sekunde na utafute R kwa programu yako.

Uamuzi mkubwa ni kapasita ya nje. Mikrofaradi 10 hukupa 0.05 Hz, mikrofaradi 1 hukupa 0.5 Hz, na 0.1 hukupa 5 Hz. Uiangalie kwenye mchoro wa saketi ya bodi yako kabla ya kununua. Bodi iliyowekewa mikrofaradi 1 haitashuka hadi 0.05 Hz kwa kubadilisha rejista. Ile ya mikrofaradi 10 nayo ina gharama yake, kwani mtu akijigeuza, mstari hukawia kurudi katikati. Kichujio cha juu cha 150 Hz hupatikana tu ukichukua sampuli 500 au 512 kwa sekunde.

Kwenye SPI hutumia hali ya 0, na kila muamala ni biti 32: 8 za amri na 24 za data. Inahitaji saa ya nje ya 32.768 kHz, na bila hiyo rejista zitasomeka vizuri huku sampuli zisije kabisa. Foleni yake hubeba sampuli 32, ambazo kwa 512 kwa sekunde hujaa ndani ya milisekunde 62.5. Programu ikichelewa, labda kwa sababu inachora skrini, lebo ya sampuli hugeuka 111 na foleni husimama. Kuendelea kusoma hakusaidii. Tuma amri ya kuifuta kwenye 0x0A. Wengi hufikiri chipu imekufa, kumbe inangoja amri hiyo moja.

ADS1292R

Kwa chuo, maabara, au yeyote anayetaka umbo la kweli la mawimbi bila kubeba waya kumi, chukua hii. Ina chaneli mbili, na herufi R humaanisha inaweza pia kupima pumzi kupitia chaneli ya 1. Fahamu kwamba bodi nyingi zenye jeki ya 3.5 mm hutoa waya tatu tu: pumzi huenda chaneli ya 1 na ECG chaneli ya 2, kupitia elektrodi zilezile. Anayetaka vielekezo I na II kwa pamoja anahitaji waya nne na bodi iliyofungua pini zote.

Inasumbua kuianzisha, na karibu usumbufu wote uko kwenye SPI. Hali ni ya 1, siyo 0; ukikosea, data husogea biti moja na utambulisho hautalingana. Pili, chipu ikiwashwa huanza ikiwa inatiririsha data, na katika hali hiyo hukataa kusoma au kuandikiwa rejista. Tatu, inahitaji muda wa kuelewa kila baiti ya amri. Kwa saa yake ya ndani ya 512 kHz muda huo ni mikrosekunde 7.8, basi weka mikrosekunde 10 kati ya baiti. Maikrokontrola yenye kasi hupita hapo bila kusubiri, na rejista zinabaki kama zilivyokuwa.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Pandisha pini ya PWDN, subiri sekunde 1, ishushe kidogo na kuipandisha ili kuanzisha upya, kisha tuma 0x11 kusimamisha utiririshaji. Soma rejista ya 0x00: jibu liwe 0x73, na kwa ADS1292 isiyo na R ni 0x53. Ukipata 0x00 au 0xFF, tafuta waya kabla ya kugusa programu. Halafu andika 0xA3 kwenye CONFIG2, ambayo huwasha rejeleo na mawimbi ya mraba ya majaribio, na 0x05 kwenye CH1SET na CH2SET. Tuma 0x08 kuanza, kisha 0x10. Kila pini ya DRDY, inayotangaza sampuli mpya, ikishuka, soma baiti 9, yaani 3 za hali na 3 kwa kila chaneli. Utaona mraba wa 1 Hz unaoruka kati ya takriban +20,800 na −20,800, ambayo ni ±1 mV. Ukiona namba zinaruka hadi milioni 16, hujapanua alama ya hasi kutoka biti ya 23.

Baada ya hapo weka CHnSET kuwa 0x01, ambayo hufunga mlango wa kuingilia kwa ndani. Kelele kwa kukuza mara 6 iwe kama mikrovolti 8 kutoka kilele hadi kilele, karibu hatua 170. Ikizidi sana, umeme wa bodi yako ni mchafu, na elektrodi nzuri hazitautibu. Mwisho rudisha CONFIG2 kuwa 0xA0, CHnSET kuwa 0x00, na uwashe waya wa mguu wa kulia: 0x2C kwenye RLD_SENS kwa kutumia chaneli ya 2, na 0x03 kwenye RESP2 ili rejeleo lake litoke ndani. Ukisahau RESP2, waya huo hubaki umekwama na 50 Hz hujaa kwenye mchoro.

Kuhusu kasi, chipu huanza na sampuli 500 kwa sekunde, lakini kichujio chake cha ndani hapo hupitisha hadi 131 Hz tu. Ukihitaji 150 Hz, nenda 1000.

ADS1298

Kifurushi cha ADS1298ECG-FE kinastahili ikiwa tu unahitaji ECG kamili. Elektrodi 10 huingia kupitia soketi ya DB15. Chaneli nane hubeba I, II na V1 hadi V6, na vielekezo vinne vilivyobaki hupatikana kwa hesabu. Chipu huunda yenyewe kituo cha Wilson, yaani wastani wa volti unaotumika kama sifuri ya V1 hadi V6, kutoka mikono miwili na mguu wa kushoto. Jampa za umeme zikubaliane: ukichagua ±2.5 V, rejeleo la waya wa mguu liwe sifuri, na ukichagua umeme wa upande mmoja, liwe nusu ya umeme huo. Mtengenezaji anaonya wazi kwamba kifurushi si cha kuunganishwa na mgonjwa, hivyo nunua au azima kizalishi cha ishara za ECG. Ukiunda bodi yako mwenyewe, kumbuka kila sampuli ni baiti 27. Kwa 500 kwa sekunde hizo ni baiti 13,500, na mlango wa 115200 hauzidi 11,520.

Elektrodi na 50 Hz, kwa bodi yoyote

Elektrodi za fedha na kloridi ya fedha zenye jeli hukauka pakiti ikishafunguliwa. Ikunje, uibane, na uangalie tarehe. Futa ngozi kwa spiriti, isugue kidogo kwa kitambaa kikavu, subiri dakika chache baada ya kubandika ili DC itulie. Kwenye joto la pwani, jasho hulegeza gundi kabla jeli haijaisha, kwa hiyo kausha ngozi kwanza. Bandika chini ya mitulinga na ubavu wa chini kulia badala ya viganjani, maana misuli ya mikono huleta kelele ambayo hakuna kichujio cha kuitenganisha na QRS.

Usiamini rangi za kebo. Katika mfumo wa kimataifa wa IEC mkono wa kulia ni mwekundu, wa kushoto njano, na mguu wa kulia mweusi. Katika mfumo wa Marekani mkono wa kulia ni mweupe, wa kushoto mweusi, na mguu wa kulia kijani. Kebo ya SparkFun ina mpango wake: mweusi kulia, bluu kushoto, mwekundu mguu. Pima kwa mita kutoka kifungo cha elektrodi hadi ncha ya jeki. QRS ikitoka imepinduka kwenye kielekezo I, mikono imebadilishana.

Kwa 50 Hz, anza na waya: zisokote pamoja, zifupishe, ziondoe karibu na chaja. Kwa sampuli 250 kwa sekunde, wastani wa sampuli 5 mfululizo ni milisekunde 20 kamili, na huifuta 50 Hz yote. Ila huo wastani hupunguza kila kitu kuanzia kama 22 Hz, kwa hiyo utumie kwa kuhesabu mapigo pekee. Kwa umbo, tumia kichujio chembamba cha 50 Hz.

Ukiwa na chaneli mbili au zaidi, kuna kipimo kimoja kisichohitaji kifaa kingine. Sheria ya Einthoven inasema I ukijumlisha na III unapata II. Pima I na II kwenye bodi, kisha hamisha waya upime III moja kwa moja kwa mtu yuleyule aliyetulia, na uilinganishe na ile uliyoipata kwa kutoa I kutoka II. Kimo cha R kikitofautiana sana, ukuzaji wa chaneli mbili haulingani au elektrodi moja haijashika vizuri. Badilisha elektrodi kwanza, kisha rudia mawimbi ya mraba kwenye kila chaneli.